Kipengele cha Tatu: Aina za Sponji

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimetukanwa kwa upole. Hakuna matusi mabaya kama hayo.

Mke wangu kanikumbusha kwamba likizo yake ya uzazi inaisha Jumapili. Jumatatu ijayo alfajiri anarudi kwenye usukani wa basi la shule, watoto thelathini na wawili mgongoni kwake. Swali: nani atabaki na Mheshimiwa? (Mheshimiwa ni binti yetu. Ana miezi sita, meno mawili, na haambiliki. Jina analo, ila humu ndani hakuna anayelitumia.) Nikajipiga kifua. Nikasema swali gani hilo, kwani mimi nimekufa? Mimi ni fundi makochi, karakana yangu ndiyo hii sebule, siendi popote.

Mke wangu akamfuta Mheshimiwa mate. Kisha akasema, taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba mama yake yuko tayari kuja.

Mama mkwe! Na lile begi lake la magurudumu! Mheshimiwa alipozaliwa alikuja kwa siku tatu, akakaa wiki saba. Wiki zote saba sikuruhusiwa kumbeba mwanangu nikiwa nimesimama. Kila nikinyoosha mikono naambiwa kaa kwanza, baba, utamwangusha. Mimi! Nabeba kochi la watu watatu peke yangu, ngazi mbili, bila kupumzika. Lakini kilo tatu za damu yangu mwenyewe, nikae kwanza.

Nilikaa. Inaniuma mpaka leo.

Tumebishana, tumepatana. Masharti ni haya. Jumapili mama mkwe anakuja kula mchana. Saa nane Mheshimiwa alale kitandani kwake mwenyewe, chali, bila kubebwa wala kuzungushwa. Nikifaulu, nabaki naye mimi. Nikishindwa, begi la magurudumu linaingia chumbani na halitoki.

Kwa sasa Mheshimiwa hasinzii mpaka mke wangu amzungushe nyumba nzima, jikoni, ukumbini, jikoni tena. Akimlaza tu, macho kodo!

Hakuna shida. Nimeshaandika Mpango Mkuu wa Usingizi. Vipengele kumi na viwili, kurasa nne, mwandiko safi. Sijawahi kushindwa na kochi, sembuse mtu wa kilo saba na nusu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kitanda cha Mheshimiwa ni aibu ya ukoo. Mbao, godoro jembamba gumu, shuka moja. Basi! Mgeni akiingia aseme nini? Baba fundi makochi, mtoto analala kama mfungwa.

Nikaingia kazini tangu asubuhi. Mito sita ya mahameli ya zambarau. Ukingo wa sponji pande zote nne. Juu ya godoro, tabaka la sponji laini ya inchi tatu, nikalipiga vifungo kumi na vitano vya kufunikwa kwa kitambaa, vile ninavyowekea makochi ya wakubwa. Benchi la daktari wa meno, ambalo nilimwahidi Ijumaa, nimelisukuma pembeni. Daktari atangoja. Wagonjwa wake hata hivyo hawana haraka ya kuingia.

Jirani kachungulia dirishani. Huyu ni Baba Mapacha, mwalimu wa hesabu, mtu wa kujisifu mpaka kwa mambo ya choo. Kauliza nashona nini. Nikamwambia. Akatabasamu lile tabasamu lake la kusahihisha daftari. Kasema mapacha wake wanalala kwenye godoro gumu, kitanda kitupu, na saa moja kamili jioni wote wawili wamezima. Hawalii. Hawageuki. Saa moja kamili! Kama taa!

Nilimwitikia kwa heshima. Moyoni nilimwambia mengine.

Saa nane mchana nikamlaza Mheshimiwa kwenye kitanda chake kikiwa bado kitupu, maana gundi ya ukingo ilikuwa haijakauka. Nikaona kabla ya kuanza utekelezaji, ni haki yake kuujua mpango. Nikavuta kiti, nikamsomea. Kipengele cha kwanza: utangulizi. Cha pili: maana ya usingizi kwa ujumla. Cha tatu: aina za sponji, yaani sponji laini, sponji ya kati, sponji ngumu, na sponji ya vipande vya kuokoteza ambayo mafundi matapeli...

Nikatupa jicho. Amelala!

Katikati ya kipengele cha tatu! Mimi nimekesha kuandika, yeye hata dakika tano hawezi kunivumilia. Huyu angekuwa mtu mzima tungegombana. Nikamgusa begani, nikamwamsha kwa adabu ili niendelee na cha nne.

Mke wangu alitokea jikoni na mwiko. Sitaandika alichosema.

Mheshimiwa hakulala tena hadi jioni. Lawama zote kwangu, eti.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku mbaya.

Nesi wa mtaa kaja nyumbani kumpima Mheshimiwa uzito. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, hana maneno mengi. Nikamwongoza mwenyewe kwenye kitanda kipya. Nikaondoa kitambaa kama mtu anayezindua jengo. Zambarau yote ile! Nikangoja pongezi.

Nesi kaniuliza hiki ni kitanda cha mtoto au kochi la mapokezi.

Nikamweleza kuhusu inchi tatu. Hakubisha. Kanipa mto mmoja wangu mwenyewe, kasema niulaze, niweke pua na mdomo juu yake, nikae hivyo huku anahesabu taratibu mpaka ishirini. Nikacheka. Nikainama. Kwenye kumi na moja sikuwa nacheka. Kazi yangu ni nzuri mno, mahameli inafunga kama mfuniko. Nilipoinuka nahema, kaniambia wewe una shingo ya kuinua kichwa na mikono ya kusukuma, huyu hana nguvu hizo. Kisha akaelekeza: chali kila mara. Godoro gumu. Shuka lililobana. Kitandani abaki mtoto peke yake, mto usiwepo, blanketi lisiwepo, mdoli usiwepo. Akiona baridi avalishwe nguo ya kutosha, asifunikwe kichwa. Na asilazwe kwenye kochi hata kidogo, hata baba akiwa pembeni, hata likiwa kochi zuri namna gani.

Hilo la mwisho alilisema akiitazama karakana yangu yote.

Kisha akavuta kifungo kimoja. Kikatoka mkononi mwake kama punje ya hindi. Akakiweka kiganjani pangu, akaondoka na mizani yake.

Nikavua kila kitu. Mito, ukingo, sponji, vifungo. Nikahesabu vifungo. Kumi na vinne, pamoja na cha nesi. Nikahesabu tena. Kumi na vinne. Jana nilipiga kumi na vitano! Nikamfungua Mheshimiwa mdomo kwa kidole, akaning'ata. Nikapiga magoti, nikapekua chini ya kitanda, kwenye nepi, kwenye mazulia. Mke wangu naye akapekua. Nilisema moyoni kikipatikana, sitatia chumvi kwenye jambo lolote maisha yangu yote.

Kilikuwa ndani ya kiatu changu. Nilikuwa nimekikanyaga tangu asubuhi nikidhani ni msumari wa kawaida.

Nilikaa sakafuni nikamshika Mheshimiwa kwa muda mrefu. Nilikaa bila kuambiwa nikae.

Saa nane nikamlaza kwenye kitanda kitupu. Kujituliza, nikamsomea mpango uliorekebishwa (nimefuta mito, nimebakiza aina za sponji kwa ajili ya elimu). Kalala kwenye kipengele cha tatu. Tena! Kulala kwenyewe ni kipengele cha tisa! Hana mpangilio hata kidogo.

Nesi aliacha karatasi ya kujaza: siku, saa ya kumlaza, saa aliyosinzia, amelala vipi. Tuipeleke kliniki Ijumaa. Leo sikuandika kitu. Usingizi ulioruka vipengele vitano hauhesabiki.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Akili ni nywele. Hapana, hiyo wanasema wengine. Mimi nasema akili ni hesabu: mtu asipolala asubuhi, mchana ataanguka mwenyewe. Kwa nini tusubiri usingizi wakati tunaweza kuulimbikiza?

Basi mke wangu alipokwenda kukagua basi lake gereji, nikamnyima Mheshimiwa usingizi wake wa saa nne asubuhi. Alipofikicha macho, nikampigia nyundo benchi la daktari wa meno. Alipopiga miayo, nikamwonyesha stapla. Alipovuta sikio, nikamchezea. Nilicheza mpaka kiuno kikagoma. Alicheka sana. Nikajiona bingwa.

Saa sita akaacha kucheka.

Saa saba alikuwa analia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu. Nikimlaza analia, nikimwinua analia, nikiimba analia kwa hasira zaidi. Kajipinda kama upinde. Ana usingizi mpaka macho mekundu na hataki kulala! Nilimsihi. Nilimwambia Mheshimiwa, wewe umechoka, mimi nimechoka, tatizo liko wapi? Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Sikupata hata nafasi ya kusoma mpango. Karatasi zenyewe alizitapikia.

Baba Mapacha kapita dirishani akitoka shule. Kauliza kama tunachinja. Kisha, bila kuombwa, kaeleza kwamba mtoto aliyechoka kupita kiasi ndiye mgumu zaidi kulala, ndiyo maana mapacha wake hulazwa mapema, saa moja kamili. Kama taa.

Mke wangu karudi, kamchukua, kamzungusha jikoni, ukumbini, jikoni. Kalala saa kumi na nusu begani. Hakunigombeza. Kaniuliza tu kama nina uhakika ninataka hili jambo.

Nina uhakika. Nampenda yule mtoto mpaka naogopa. Ila sikuyasema hayo. Nilisema mpango unaendelea vizuri.

Nikakumbuka karatasi ya nesi. Tupu! Kesho kliniki! Nikachukua kalamu, nikaijaza yote, Jumatano mpaka Jumapili, nisije nikasumbuka baadaye. Saa nane kamili amelazwa, saa nane na dakika tano amesinzia, chali, mwenyewe, kwa furaha. Mwandiko umetulia kweli. Ukiisoma unaweza kumwonea wivu huyo baba.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimeumbuka mbele ya foleni nzima.

Kliniki saa tatu asubuhi, akina mama kumi na wawili na mimi. Nesi kaipokea karatasi, kavaa miwani. Kasoma. Kaitazama saa ya ukutani. Kasoma tena. Kisha kaniuliza kwa sauti ya kawaida, ambayo kwake ni kubwa, imekuwaje mtoto amelala leo saa nane mchana kwa furaha, na sasa hivi ni saa tatu na robo asubuhi.

Nikasema nilikuwa natazamia mbele.

Kaniuliza na Jumapili pia? Nikasema ndiyo, nami Jumapili natazamia sana. Mama mmoja kwenye foleni kacheka mpaka mtoto wake akaamka. Mke wangu kaangalia dari. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Nesi hakucheka. Kavua miwani, kasema karatasi hii si mtihani, hakuna atakayenipa alama. Kasema mtoto hajui mipango, anajua mazoea. Kila siku saa ileile, chumba kilekile, jambo lilelile dogo la kutuliza, sauti ileile. Alazwe macho yakiwa mazito lakini hayajafumba, ili usingizi umkute pale kitandani, asizoee kuutafuta begani. Kisha kauliza, kuna jambo lolote tunalomfanyia kila siku kabla ya kumlaza?

Nikasema hakuna. Nikasema bado niko kwenye maandalizi.

Mke wangu kanigeukia, kanitazama kwa muda, kama mtu aliyesahau ufunguo na ameukumbuka ulipo.

Mazoea! Saa ileile, sauti ileile! Serikali inamsomesha mtu miaka mitatu aje kuniambia hayo? Mimi nataka mbinu.

Saa nane nilimlaza Mheshimiwa kitandani, chali, nikamsomea mpango upya, maana nimeunakili kwenye karatasi safi. Macho yake yalikuwa wazi kwenye utangulizi. Nikapata matumaini. Kwenye sponji ya kati, chali! Sikumwamsha, kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Kaniuliza hiyo ni mara ya ngapi. Nikamwambia ukweli wote, kwamba mwanao ana dharau, hii ni mara ya tatu, na alilelewa na mama yako wiki saba kwa hiyo tusishangae.

Kaenda zake jikoni. Nilisikia anacheka peke yake. Uchovu huo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Asubuhi nimemkuta mke wangu bafuni, amesimama mbele ya kioo, mswaki mdomoni, amelala. Amelala kabisa, wima. Nikamshika mkono nikamwongoza kitandani. Keshokutwa huyu anaendesha watoto wa watu. Nimekaa naye mpaka akakoroma, sikuandika mpango wowote kwa karibu nusu saa.

Kisha nikapata wazo. Giza!

Ndilo lililokuwa linakosekana! Nikachukua kile kitambaa kizito cha kahawia nilichonunua kwa ajili ya benchi la daktari wa meno. Nikakikunja mara mbili, nikashona Pazia Kuu la kuziba dirisha zima la chumba cha Mheshimiwa. Nimelitundika kwenye bomba la chuma. Uzito wake kama wa mzee wa makamo. Kesho mama mkwe akiwa ameketi, navuta kamba, giza linaingia, mtoto anazima. Kama taa!

Saa nane Mheshimiwa alikuwa anasubiri pazia likamilike, nikaendelea kumsomea huku nashona. Haina haja ya kueleza. Cha tatu.

Jioni nimefurahi kuliko wiki nzima. Nilitoka kutupa vipande vya kitambaa saa moja na dakika ishirini, nikasikia magurudumu yanalia barabarani. Nikajibanza nyuma ya ukuta. Nani huyo anasukuma kigari cha watoto, kandambili mguu wa kushoto na kiatu mguu wa kulia, shati nje? Baba Mapacha! Na mapacha wawili, macho manne, yote wazi! Ilikuwa mzunguko wa tisa, kakiri mwenyewe. Kila jioni. Tangu wazaliwe.

Nikavimba kichwa. Kanisihi nisimwambie mtu. Nikasema siwezi kumwaibisha jirani, ila akae nimsomee mpango wangu, ajifunze. Akakubali, hakuwa na ujanja. Tukaegemea ukuta wangu. Nilipofika sponji ngumu, mapacha wote wawili walikuwa wamelala usingizi wa pono, na mwalimu mwenyewe anapiga miayo mdomo wazi.

Watoto wa siku hizi. Si wa kwangu tu, kumbe ni mtaa mzima.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Naandika polepole kwa sababu ya bandeji ya pua inayoniziba jicho.

Mama mkwe kafika saa sita na begi lake la magurudumu. Kaliegesha mlangoni, liko tayari kwa lolote. Kala vizuri. Kanisifia chumvi. Saa nane kasoro dakika kumi kasimama, kasema haya, baba, tuone.

Tukaingia wote chumbani. Mke wangu kamnyonyesha, kambadilisha nepi, kanikabidhi. Nikakaa kwanza kwa mazoea, kisha nikamlaza. Chali. Godoro gumu, shuka limebana kama ngoma, kitandani hakuna hata uzi. Mama mkwe kakaa kwenye kiti cha mkono kwenye kona, mkoba mapajani, kama hakimu. Mheshimiwa macho kodo. Nikatamka maneno machache ya ufunguzi. Nikashika kamba. Nikavuta.

Bomba lilishuka lote. Na pazia lote. Na kipande cha plasta. Bahati nzuri dirisha liko mbali na kitanda, vilinishukia mimi peke yangu. Nilikuwa gizani, hilo lazima niseme, giza zuri sana, lakini nje ya pazia nilisikia Mheshimiwa anapasua koo.

Nilipojinasua, mama mkwe alikuwa ameshasimama, mikono ameshainyoosha kumchukua. Pua yangu inavuja damu. Nikajua imekwisha. Mwanangu nitamwona akiwa begani kwa mtu mwingine, mimi nikiambiwa nikae kwanza mpaka atakapoolewa. Machozi yalinilenga, siyo ya pua.

Mke wangu kasema mama, ngoja kidogo. Kaweka kiganja kifuani kwa mtoto mpaka kilio kikapungua. Kisha kanigeukia, kasema msomee mama ule mpango wako.

Nikamwambia huu si wakati wake. Kasema ndio wakati wake, saa nane kamili. Kasema mama anataka kujua jinsi mume wa mwanawe anavyofikiri. Soma kama siku zote, sauti ileile, uanze mwanzo.

Niliguswa. Hatimaye mtu ndani ya nyumba hii anauthamini mpango! Nikaketi kwenye kiti changu kando ya kitanda, pamba puani, nikasoma. Utangulizi. Mheshimiwa akageuza shingo kunitazama. Maana ya usingizi kwa ujumla. Akaingiza kidole gumba mdomoni. Aina za sponji. Nikasoma taratibu, kwa ajili ya mama mkwe, maana hana msingi wa ufundi. Sponji laini. Sponji ya kati. Kidole kikateleza mdomoni.

Amelala. Chali. Mwenyewe. Mikono juu kama mtu aliyejisalimisha.

Nikaona aibu mbele ya mgeni, lakini nikasema moyoni nisimpe nafasi ya kunivunja moyo, nikaendelea. Cha nne: historia fupi ya mto. Cha tano: kupima kitambaa kwa pembe. Nikainua macho nipate maoni ya mama mkwe. Kichwa kimeegemea ukuta, mkoba umeteleza, mdomo wazi. Anakoroma!

Mke wangu alikuwa ameketi sakafuni, khanga mdomoni, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Labda alikuwa analia pia.

Mama mkwe kaamka saa tisa na nusu. Kasema hakulala, alikuwa anafikiri macho yamefumba. Kamtazama Mheshimiwa, bado amelala. Kamsubiri aamke, kamtoa kitandani mwenyewe, kambusu, kisha akanijia. Nikatafuta kiti kwa macho. Kasema acha kiti, baba. Mbebe tu hivyohivyo ulivyosimama.

Nikambeba nimesimama.

Begi limeondoka saa kumi na moja. Magurudumu yake yana sauti nzuri yakiwa yanaenda.

Nimefikiri sana jioni hii kilichofanya kazi, na jibu liko wazi. Pazia. Hata likiwa chini, lilifanya kazi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mke wangu kaondoka alfajiri na basi lake, amelala usiku kucha, uso umenawiri. Mlangoni kanisisitizia mambo mawili: kitanda kibaki kitupu, na saa nane nimsomee ule mpango. Nikamwambia la kwanza sawa. Kwa la pili nilitikisa kichwa tu.

Maana nimekata shauri. Simsomei tena. Nina heshima yangu. Mara tano nimejaribu kumwelimisha, mara tano kanilalia usoni. Leo ni kimya. Pazia jipya, dogo, misumari kumi, na mimi kimya kama maji ya mtungi.

Saa nane nikamlaza chali, nikavuta pazia (limeshuka upande mmoja tu), nikakaa. Kimya. Mheshimiwa akanitazama. Akangoja. Saa nane na robo akapiga teke shuka. Nane na nusu akaanza kunung'unika, macho kayakaza mdomoni pangu kana kwamba kuna kitu nimemficha. Saa tisa kasoro robo alikuwa anapiga makelele ya kudai haki, na Baba Mapacha, ambaye leo yuko likizo ya ugonjwa (usingizi, najua mimi), kapiga ukuta akiuliza kwa nini leo sisomi.

Kwa hasira nikachukua karatasi. Nikasema basi, kama mnautaka, leo mtausikiliza wote, vipengele kumi na viwili bila kuruka. Nikasoma kwa sauti. Utangulizi. Maana ya usingizi. Aina za sponji.

Sponji laini. Sponji ya kati.

Kalala! Na upande wa pili wa ukuta nasikia mtu mzima anakoroma.

Sawa. Nimekaa hapa, karatasi mkononi, namngoja. Akiamka tu naanza upya tangu utangulizi, na safari hii atasikiliza mpaka mwisho.